Ahadi za kampuni kuhusu moshi zipimwe kwa mapafu yetu

WAHENGA walisema ahadi ni deni. Lakini mdai ni nani pale kampuni kubwa inapouahidi ulimwengu mzima kwamba itapunguza gesi zinazozidisha joto duniani, kisha miaka michache baadaye ikabadilisha nia? Benki humjua mdeni wake na ina karatasi aliyotia sahihi. Sisi tunaovuta hewa hatuna karatasi yoyote mkononi.

Chukua mfano wa BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza. Februari 2020 ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2050 haitakuwa ikiongeza gesi hizo angani. Agosti mwaka huo huo ikaahidi kuwa kufikia 2030 itakuwa imepunguza uchimbaji wake wa mafuta na gesi kwa asilimia 40, ikilinganishwa na mwaka 2019. Februari 2023 asilimia hiyo 40 ikashushwa hadi 25. Februari 2025 lengo hilo likaachwa kabisa, na kampuni ikasema itaongeza pesa inazotia katika mafuta na gesi hadi takriban dola bilioni 10 kila mwaka.

Huenda msomaji akauliza: habari hizi za mafuta na wenyehisa zimefuata nini katika ukurasa wa afya? Si zingebaki kule kwenye kurasa za biashara? Maoni yangu ni kwamba hapa ndipo mahali pake. Ahadi ya kupunguza gesi ina maana kwa afya yetu pale tu moto unapopungua katika kiwanda chenyewe, lori lenyewe au jenereta yenyewe. Ahadi inayotimizwa kwa kununua karatasi, au kwa kungojea mwaka 2050, huwaacha majirani wa kiwanda wakikohoa kama jana.

Moto mmoja, madhara mawili

Dizeli, makaa ya mawe, mafuta mazito ya tanuri au kuni zinapoungua, vitu vya aina mbili hutoka kwenye bomba moja la moshi.

Cha kwanza ni kaboni dayoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kilichoko katika hewa ya nje haiumizi mapafu. Hupanda, ikachanganyika na hewa ya dunia nzima, na sehemu yake hukaa huko mamia ya miaka ikizuia joto lisitoke. Kwa sababu hiyo, tani moja iliyotoka Chicago na tani moja iliyotoka Athi River zina uzito sawa katika hesabu ya joto duniani.

Cha pili ni masizi, vumbi laini, na gesi za salfa na naitrojeni. Sehemu kubwa ya hivi haiendi mbali mara moja. Huzunguka mtaa ule ule, sokoni, shuleni na kwenye vituo vya matatu. Vumbi linalowatia wataalamu hofu zaidi ni lile lenye chembe ndogo kuliko sehemu mbili na nusu za elfu moja za milimita. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko chembe hiyo kwa takriban mara 30. Pua haiwezi kuizuia. Huingia hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, na nyingine zikapenya hadi kwenye damu.

Matokeo yake yanajulikana vyema: nimonia kwa watoto wadogo, pumu, ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya ndani ya nyumba huchangia vifo vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini yake liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu ambavyo imethibitishwa kwamba husababisha saratani kwa binadamu.

Ile gesi isiyo na harufu nayo hutuua kwa njia ya mzunguko. Kati ya mwaka 2020 na 2023 sehemu za kaskazini na mashariki mwa nchi yetu zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na watoto wakakonda kwa utapiamlo. Kisha mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Maji ya mafuriko yanapochanganyika na ya vyoo, kipindupindu hakiko mbali. Wanasayansi wa jopo la Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2018 kwamba, ili joto la dunia lisipite nyuzi 1.5 juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi za viwanda, ni lazima kaboni dayoksaidi inayotolewa na binadamu ipungue kwa takriban asilimia 45 ifikapo 2030, ikilinganishwa na mwaka 2010.

Basi anayepunguza moto anapata faida mbili. Faida ya hali ya hewa itaonekana na wajukuu. Faida ya mapafu huanza kuonekana punde moshi unapopungua, na humfikia kwanza yule anayeishi karibu na bomba. Hii faida ya pili ndiyo ninayotaka tuitumie kuzipima ahadi za kampuni.

Ahadi zinavyoyeyuka

BP haiko peke yake. Mei 2021 mahakama moja mjini The Hague, Uholanzi, iliiamuru kampuni ya Shell ipunguze gesi zake, pamoja na zile zinazotoka kwa wanunuzi wake, kwa asilimia 45 ifikapo 2030. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ilikitengua kiwango hicho, ingawa ilikubali kwamba kampuni ina wajibu wa kupunguza. Katikati ya kesi hiyo, Machi 2024, Shell yenyewe ililegeza lengo lake la 2030 na kulifuta lile la 2035.

Kampuni za kompyuta nazo? Mwaka 2020 Microsoft iliahidi kwamba ifikapo 2030 itakuwa ikiondoa hewani kaboni nyingi kuliko inayotoa. Kufikia mwaka 2023 gesi zake zilikuwa zimepanda kwa karibu asilimia 29. Za Google zilipanda kwa asilimia 48 kati ya 2019 na 2023. Sababu moja kubwa ni majumba ya mitambo ya kuhifadhi na kuchakata habari, ambayo hujengwa kwa saruji na chuma na hunywa umeme mchana na usiku.

Mabenki nayo yaliunda muungano wao mwaka 2021 kwa ahadi ya kuelekeza mikopo yao kwenye lengo la 2050. Mabenki makubwa ya Marekani yakaanza kujitoa mwishoni mwa 2024, na Oktoba 2025 muungano huo ukavunjwa.

Mwaka 2022 taasisi ya NewClimate ya Ujerumani ilizichambua ahadi za kampuni 25 kubwa zilizojitangaza kuwa vinara. Ilipata kwamba ahadi hizo, ambazo kwa maneno zilikuwa za kufuta gesi zote, zingepunguza kwa kweli asilimia 40 tu kwa wastani. Mwalimu akimkuta mwanafunzi aliyejiandikia alama 100 huku kazi yake ikistahili 40, hatampongeza kwa kuwa na nia njema.

Ni haki kusema kwamba zipo kampuni zilizopunguza kweli. Lakini anayesoma tangazo lenye picha ya jani la kijani kibichi hawezi kuzitenganisha na zile nyingine, na hapo ndipo penye tatizo. Ahadi ya 2050 hutolewa na mkurugenzi ambaye mwaka huo atakuwa amestaafu zamani. Hakuna daktari anayemwambia mgonjwa wa shinikizo la damu apunguze chumvi baada ya miaka 25.

Karatasi badala ya moto

Njia inayopendwa na kampuni nyingi ni kununua hati za kaboni. Utaratibu wake ni rahisi. Mradi fulani mahali fulani hupanda miti, hulinda msitu au hugawa meko. Kila tani moja ya gesi inayodaiwa kuzuiwa hupewa hati. Kampuni hununua hati hizo, kisha hujiondolea idadi hiyo ya tani katika hesabu yake. Moto wake haukupungua hata kidogo.

Kenya ni miongoni mwa nchi zinazotoa hati hizi kwa wingi, kwa hiyo tunazungumzia jambo la nyumbani. Sisemi kwamba yote ni udanganyifu. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wenyeji wamekuwa tangu mwaka 2013 wakiuza hati zinazotokana na kutunza mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Mapato yamesaidia maji na shule. Maji safi ni afya, na mikoko hukinga pwani. Mradi wa namna hii una manufaa yake.

Lakini upo upande wa pili. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wao kuhusu hati zinazotokana na meko ya kupunguza moshi katika nchi mbalimbali. Katika miradi waliyoichunguza, hati zilizotolewa zilizidi upungufu halisi wa gesi kwa takriban mara 9. Sababu mojawapo inajulikana na kila mama anayepika. Jiko jipya likiletwa, lile la zamani halitupwi. Siku ya kupika githeri au maharagwe mawe matatu hurudi kazini, na moshi hurudi nyumbani. Katika hesabu za mradi familia hiyo huandikwa kwamba imeacha kuni, na mtoto aliye mgongoni bado anavuta moshi ule ule.

Hebu tufuate njia ya hati hiyo. Kiwanda kilicho ng'ambo kinaendelea kuchoma mafuta, na majirani zake wanaendelea kuugua. Jikoni kijijini moshi haukupungua kama ilivyoandikwa. Kuna mapafu ya pande mbili hapa, na hakuna upande uliopata nafuu. Kilichopungua ni tarakimu katika ripoti ya mwaka.

Bunge letu liliiona hatari ya biashara hii kuwanyima wenyeji haki yao. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, ikaweka kwamba miradi ya ardhi iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato, na miradi mingine asilimia 25. Ni hatua njema. Hata hivyo, sheria hiyo inamlinda anayeuza hati. Anayeishi karibu na bomba la moshi la mnunuzi bado hajapata mtetezi.

Hapa kwetu moto uko wapi?

Kampuni zetu nazo zimeanza kutoa ahadi. Safaricom imetangaza lengo la mwaka 2050. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo mwaka 2021 wa jinsi kampuni zilizosajiliwa humo zinavyopaswa kueleza athari zao kwa mazingira na jamii. Ripoti nzuri zenye picha za miche zitaongezeka. Ni vyema tujue pa kutazama.

Kwanza, tusiduwazwe na habari ya umeme safi. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Kampuni inayojisifu kwamba ofisi zake zinatumia umeme safi inajisifu kwa jambo ambalo hata kinyozi wa Kawangware analifanya. Sifa hiyo ni ya wahandisi wa Olkaria. Moto wa kampuni zetu uko kwingine.

Uko katika jenereta za dizeli zinazonguruma nyuma ya maduka, hoteli na minara ya simu umeme unapokatika. Nyingi zimewekwa hapo hapo penye madirisha ya wapangaji. Kuweka mitambo ya jua na betri kwenye minara na majengo haya kunapunguza gesi, na pia kunaondoa moshi wa dizeli usiku watu wanapolala.

Uko katika malori. Kiwanda kinaweza kuwa na paa lililojaa vioo vya umeme wa jua, na mizigo yake ibebwe na malori makuukuu yanayotapika moshi mweusi kutoka Mombasa hadi Malaba. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na kwa kuwa umeme wetu ni safi, basi kama hilo linaondoa moshi kweli. Halihamishi moshi kutoka mjini kwenda kwenye mtambo wa makaa ya mawe, kama inavyotokea katika nchi nyingine.

Uko katika viwanda vya majani chai, ambavyo hutumia kuni nyingi kutoa mvuke wa kukaushia majani. Hapa hata hatua ndogo huleta nafuu. Kuni zilizokauka vizuri huungua kwa moto mkali na kutoa moshi mdogo, nazo hutumika chache kuliko mbichi.

Na uko katika saruji. Ili kuipata, chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,450. Zaidi ya nusu ya kaboni dayoksaidi ya saruji haitoki kwenye mafuta yanayochomwa. Hutoka ndani ya jiwe lenyewe linapopasuliwa na joto. Ndiyo sababu sekta hii peke yake hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya gesi hiyo duniani. Kampuni ya saruji haiwezi kuahidi sufuri kwa kubadilisha balbu. Inaweza kupunguza kiasi cha jiwe lililochomwa kwa kulichanganya na majivu ya volkano, ambayo tunayo kwa wingi, na inaweza kuweka vichujio vya vumbi kwenye dohani zake na kuhakikisha vinafanya kazi saa zote. Anayeanika nguo jirani na kiwanda atajua kabla ya mkaguzi iwapo vichujio hivyo vimezimwa usiku.

"Kenya inatoa gesi kidogo"

Najua jibu litakalotolewa. Wakuu wa kampuni watasema kwamba Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya gesi hizi, na Kenya haifiki hata asilimia 1 ya zile za dunia. Kwa nini tubebeshwe mzigo wa Marekani, Uchina na Ulaya? Watasema pia kwamba gharama itawafukuza wafanyakazi kazini.

Hoja ya kwanza ni ya kweli kuhusu joto la dunia. Waliochafua zaidi wana deni kubwa zaidi, na serikali yetu ina haki ya kulidai katika kila mkutano. Lakini hoja hiyo haina nguvu yoyote mbele ya mapafu. Masizi ya Industrial Area hayatoki Ulaya, na mtoto wa Mukuru anayavuta yote, wala si asilimia 1.

Kuhusu gharama, ukweli ni kwamba tayari inalipwa. Analipa mzazi anayenunua dawa ya pumu ya kuvuta kila mwezi, mfanyakazi anayekosa mshahara wa siku kwa sababu kifua kimembana, na hospitali ya umma inayojaza wodi ya watoto. Kampuni inapofunga kichujio au kuzima jenereta, inaanza kulipa sehemu yake ya gharama ambayo wengine wamekuwa wakiibeba kwa niaba yake.

Maswali ya kuuliza

Msomaji anayefanya kazi katika kampuni, aliye na hisa chache, au anayeishi karibu na kiwanda, asikubali kunyamazishwa na mwaka 2050. Na aulize yafuatayo:

- Mwaka huu mmechoma lita ngapi za dizeli na mafuta ya tanuri, na mwaka jana mlichoma ngapi? Hesabu hii iko kwenye stakabadhi za ununuzi. Haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

- Katika gesi mnazosema mmepunguza, ni kiasi gani kimetokana na moto wenu wenyewe kupungua, na kiasi gani mmekinunua kwa hati?

- Lengo lenu la miaka miwili au mitatu ijayo ni lipi, na ni nani atakayewajibika lisipotimia?

- Je, mnahesabu jumla ya gesi, au kiasi kwa kila mfuko mmoja wa bidhaa? Kampuni inaweza kupunguza kwa kila mfuko, ikauza mifuko maradufu, na moshi ukazidi.

- Hewa iko vipi kwenye ua wa kiwanda chenu?

Swali hili la mwisho ndilo ningependa liwe sheria. Kampuni yoyote inayotangaza ahadi ya kupunguza gesi ilazimishwe kuweka kipimo cha vumbi laini kwenye ua wake, na matokeo yabandikwe langoni kila wiki kwa Kiswahili, pamoja na kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho tangu mwaka 2021 ni mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya hewa ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kipimo hicho hakihesabu kaboni dayoksaidi. Lakini moto ukipungua kweli, vumbi nalo litashuka, na muuza mboga aliye nje ya lango atajua ahadi imetimizwa bila kusoma ripoti ya kurasa 100.

Hatuanzi bila silaha. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hata kabla hajaonyesha kwamba ameumia. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa fidia ya Sh1.3 bilioni na mahakama mwaka 2020. Baada ya safari ndefu ya rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa miaka mingi, na miongoni mwa walioathirika walikuwemo waliokwisha kufa. Haki iliyofika kwa kuchelewa hivyo ilifika penye makaburi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Ni afadhali tuwaulize wenye viwanda habari ya lita za dizeli wiki hii, wakati mtoto bado anapumua vizuri, kuliko kuwasubiri hadi mwaka 2050 watuambie kwamba mahesabu yao yamefika sufuri.